Kuingia kwenye taaluma ya Uislamu Afrika: Kiarabu kwanza au miswada kwanza?

Kidawa_79

Assalaam aleikum na habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye kuijua kazi hii. Mtu ana shahada ya kwanza ya Kiswahili na historia. Kiarabu chake ni cha chuo cha Qurani tu: msahafu anausoma vizuri, lakini akipewa barua isiyotiwa irabu anakwama mstari wa pili. Anataka kufika uzamivu, kisha afundishe na kutafiti Uislamu wa Afrika Mashariki, hasa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Aanze na kipi: Kiarabu, nadharia, au aingie moja kwa moja kwenye miswada? Aombe idara ya Kiswahili, ya historia au ya dini? Na ni wapi watu wengi huanguka? Naomba majibu ya kina, si "soma kwa bidii" tu.

Kalamu_ya_Mwanzi

Waaleikum salaam dada Kidawa. Kiarabu. Nadharia utapewa uzamili hata kama huitaki. Kiarabu hakuna msimamizi atakayekusubiri ukijifunze.

Upate picha ya ukubwa wa kazi: chuo cha lugha cha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 hivi za darasani kwa mzungumzaji wa Kiingereza kufikia Kiarabu cha kufanyia kazi, na saa 900 hivi kwa Kiswahili. Mswahili anapunguza sehemu ya msamiati kwa sababu maneno mengi anayo tayari. Sarufi hapunguziwi kitu. Na msamiati wenyewe una mitego. Chukua neno دين. Bila irabu linaweza kuwa *dini*, linaweza kuwa *deni*. Aliyezoea msahafu mkono wake unaandika "dini" kabla hajafikiri. Kwenye daftari la kadhi au wasia, mara nyingi mtu anazungumzia deni. Tafsiri ya ukurasa mzima hupinduka kwa neno hilo moja, na mhakiki ataliona kabla ya jina lako.

Kipimo cha kujua umefika: upewe ukurasa mmoja wa fiqhi (sheria ya Kiislamu) usio na irabu, uusome kwa sauti ukiweka irabu za mwisho sawasawa, ukitumia kamusi kwa maneno machache tu. Usijipime kwa kuongea na watu wa Cairo, hiyo ni kazi nyingine.

Cha kusomea kipo karibu. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, kwa hiyo anza na Safinat al-Naja, ambacho ni kifupi, kisha sura za mauzo, wakfu, mirathi na ndoa katika Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi. Sababu si ya kidini. Lugha ya vitabu hivyo ndiyo lugha ya hati za wakfu, mikataba na barua za makadhi wa Lamu, Mombasa na Unguja. Masheikh wanaovidarisisha wapo, na ukikaa mbele ya mwalimu wa namna hiyo unajifunza pia jinsi maandishi yenyewe yalivyokuwa yakisomwa, kitu ambacho darasa la Kiarabu cha kisasa halikupi.

Lugha ya nne inategemea eneo lako. Kijerumani kwa Tanganyika na kwa kazi za wakusanyaji wa zamani kama Dammann. Kifaransa kwa Komoro. Kireno kwa kaskazini ya Msumbiji, kwani kwenye Arquivo Histórico de Moçambique kule Maputo kuna barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo huwezi kuzielewa bila kusoma majibu ya Wareno. Kusoma tu kunatosha, kuongea si lazima.

NyarakaTu

Naunga mkono, ila nisingengoja Kiarabu kikamilike ndipo nifungue mswada. Viende pamoja, kwa sababu khati ya Kiswahili (mwandiko wa herufi za Kiarabu) ina matatizo yake ambayo Kiarabu kizuri hakiyatatui. (Watu huiita Ajami. Usiitafsiri "Kiajemi" kwenye andiko lako, utaonekana unatafiti Uajemi.)

Tatizo la msingi: Kiarabu hakina p, v, ch, g, ng', ny, wala irabu e na o. Wanakili wa zamani hawakubuni herufi mpya, walizitumia zilizopo. Herufi ب ilibeba b, p, na mara nyingi mb pia. ف ilibeba f na v. غ ilibeba g na ng. Kasra moja kwa i na e, dhumma moja kwa u na o. Kwa hiyo بَبَ inaweza kusomwa *baba*, *papa*, *pamba* au *bamba*. Baadhi ya wanakili huongeza alifu, wau au ye kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kuonyesha mkazo. Mgeni huidhani ni irabu ndefu ya Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefanya kazi na mmisionari Taylor, aliongeza alama za kutenganisha sauti hizi, lakini usitegemee kuzikuta kwenye kila mswada.

Unasomaje basi? Kwa utendi, vina ndivyo vinavyokuokoa zaidi kuliko mizani. Ubeti una vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi utendi mzima. Ukipata neno moja la hakika kati ya yale matatu, tuseme *kando*, basi yale mawili yaliyoandikwa kwa dali (د) na dhumma yanaishia -ndo, si -du wala -do. Mizani inakusaidia kukamata neno lililoanguka au m inayosimama peke yake kama silabi, lakini *pamba* na *baba* zote ni mizani mbili, hapo haikwambii kitu.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye tasnifu ni kusanifisha. Mswada wa Kiamu, lahaja ya Lamu, una *mato*, *ndia*, *nti*, *moya*. Mwanafunzi anaandika *macho*, *njia*, *nchi*, *moja* "ili msomaji aelewe". Ameua kina cha -to, ameharibu ushahidi wa lahaja, na kesho hakuna anayeweza kujua mswada ulisema nini. Fanya tabaka tatu, kila moja kwenye safu yake: kwanza herufi kama zilivyo, hata makosa ya mnakili, pili unukuzi wa Kilatini unaofuata lahaja, tatu maana kwa Kiswahili sanifu au Kiingereza. Neno usilolijua weka alama ya kuuliza, usilinyamazie.

Mwisho wa mswada soma mara tatu. Hapo kuna jina la mnakili, jina la mwenye chuo (yaani kitabu), mara nyingine tarehe. Mnakili si mtunzi. Wapo walioandika makala nzima juu ya "mshairi" ambaye kazi yake ilikuwa kunakili tu. Na nisba (majina ya asili ya mtu) zisome kwa sikio la Kiarabu: al-Batawi ni mtu wa Pate, p imegeuka b. Si mtu wa Batavia (Jakarta ya leo).

Sahel_Msomaji

Nyongeza kwa atakayevuka kwenda magharibi mwa bara. Khati ya Afrika Magharibi ni ya Kimaghribi: fe ina nukta moja *chini*, qafu ina nukta moja *juu*. Yaani qafu yao inafanana kabisa na fe yetu. Aliyezoea khati ya pwani atasoma "fala" palipoandikwa "qala" (alisema) tangu mstari wa kwanza. Madhehebu nayo ni ya Maliki, kwa hiyo badala ya Minhaj unahitaji Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani na Mukhtasar wa Khalil. Maarifa ya pwani hayahamishiki Timbuktu au Sokoto kwa mwaka mmoja.

Mfano mzuri wa jinsi kazi hii inavyokwenda ni John Hunwick (1936–2015). Alisoma Kiarabu SOAS (chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London), akafundisha Ibadan, Nigeria, ambako kituo cha kukusanya hati za Kiarabu kilianzishwa miaka ya 1960, akapita Legon (Ghana) na Cairo, na mwaka 1981 akahamia Northwestern kule Marekani. Uhariri wake wa majibu ya mwanazuoni al-Maghili kwa Askia, mfalme wa Songhay, ulitoka 1985, na tafsiri ya Tarikh al-Sudan ya al-Sa'di (historia ya Timbuktu na Songhay) ikatoka 1999. Hesabu miaka hiyo. Katikati alikuwa akijenga, pamoja na Sean O'Fahey, orodha kubwa ya waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiarabu, juzuu kwa juzuu: nani aliandika nini, nakala ziko maktaba gani. Orodha haisomwi na mtu usiku akapata usingizi mtamu, lakini karibu kila tasnifu iliyofuata juu ya Sudani ya magharibi (ukanda wa Timbuktu, si nchi ya Sudan) imesimama juu yake. Mwaka 2000 wawili hao wakaanzisha taasisi ya utafiti wa fikra za Kiislamu Afrika hapo hapo Northwestern.

Ninachotaka uone ni mpangilio: lugha, kisha miaka ya kukaa karibu na hati, kisha orodha, kisha tafsiri. Siku hizi watu wanataka kuanza na hitimisho.

Kidawa_79

Ahsanteni sana walimu zangu. Nimeelewa kuhusu safu tatu. Mawili tena: (1) miswada yenyewe inapatikana wapi bila nauli ya ndege, na ukienda uwandani taratibu ni zipi? (2) Hakuna aliyegusa idara na ajira.

NyarakaTu

La kwanza nalijibu mimi, la pili namwachia mwenye nalo.

Bila nauli: miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, namba EAP466, na inaonekana bure. Mingi ni ya Kiarabu, ndiyo maana Kiarabu kwanza. SOAS wana makusanyo ya Taylor na Hichens, na sehemu ya miswada yao ya Kiswahili imewekwa mtandaoni. HMML (maktaba ya miswada ya Hill, Marekani) wana chumba cha kusomea cha mtandaoni, unajiandikisha bure, kimejaa Timbuktu. Ukipata unachokihitaji, andika namba kamili ya mswada na ya ukurasa, na weka nakala yako pale masharti yanaporuhusu. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa kimtandao na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Waliokuwa na kiungo tu bila namba walibaki na tasnifu yenye tanbihi zisizokwenda popote.

Ndani ya nchi: maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo uliokusanywa na J.W.T. Allen, na orodha yake ilichapishwa 1970. Kisha Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani.

Vibali: Kenya ni NACOSTI. Tanzania Bara ni COSTECH. Zanzibar ina kibali chake yenyewe, na hapa ndipo watu hushushwa njiani: wanafika na karatasi ya COSTECH wakidhani imemaliza. Anza miezi mitatu kabla, tena zaidi ikiwa umesajiliwa chuo cha nje, kwa sababu utatakiwa uwe na taasisi ya ndani inayokupokea. Na kibali cha serikali hakifungui sanduku la mtu. Miswada mingi ni mali ya familia. Pata ridhaa ya maandishi inayosema mambo matatu waziwazi: unaruhusiwa kupiga picha au kusoma tu, picha zitakaa wapi, na jina la familia litatajwa au la. Wenyewe wapewe nakala ya picha zote kabla hujaondoka, si "nitawatumia".

Kupiga picha: usitumie flashi. Mwanga wa pembeni kutoka pande mbili, au kivuli cha baraza asubuhi. Weka rula na kadi ya rangi kwenye picha ya kwanza na ya mwisho. Piga jalada, kurasa tupu na pembezoni pia, maana maelezo ya mwenye kitabu mara nyingi yapo hapo. Mikono mikavu iliyooshwa inatosha, glavu za pamba hunasa kingo zilizochakaa. Usifungue kitabu bapa kwa nguvu, kiegemeze pande zote mbili. Kisha angalia neno lililoandikwa peke yake chini ya ukurasa: linapaswa kuwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lisipolingana, karatasi imepotea au imefungwa mahali pasipo pake. Ukilijua hilo ukiwa bado uwandani unaweza kuuliza. Ukilijua ukiwa Ulaya, imekula kwako.

Tarehe nazo. Kanuni ya haraka: mwaka wa Hijria, toa mwaka huo uliogawanywa kwa 33, jumlisha 622. Mswada wa Utendi wa Tambuka una mwaka 1141: 1141 toa 34.6 jumlisha 622 ni 1728. Lakini 1141 ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729, kwa hiyo mwezi usipotajwa andika 1728/29. Na siku inaanza magharibi. Hati iliyoandikwa "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya Kiarabu ni Alhamisi jioni ya kwenye kalenda yako.

Mzee_wa_Idara

Binti yangu Kidawa, la pili ndilo linalovunja watu, na halihusu akili zao.

Taaluma hii imekaa kwenye mpaka wa nyumba mbili. Idara za masomo ya Uislamu, hasa Ulaya na Marekani, zimezoea kuiona Afrika kusini ya Sahara kama pembezoni: watakuuliza kwa nini hufanyi Misri. Idara za masomo ya Afrika zinaona Kiarabu kama mambo ya watu wengine: watakuuliza kwa nini hufanyi siasa au maendeleo. Nafasi yenye jina la "Uislamu Afrika" hutangazwa mara chache. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza wa uzamivu jiandae kufundisha kozi za pande zote mbili. Uwe na muhtasari wa kozi ya utangulizi wa Uislamu, wa historia ya Afrika, na mmoja wa Kiswahili. Mitatu iliyo kamili, wiki kwa wiki, yenye usomaji. Anayefika kwenye usaili na tasnifu peke yake anawaambia hawezi kumsaidia mwenyekiti wa idara kujaza ratiba.

Ukiajiriwa na idara mbili kwa pamoja, dai kwa maandishi idara ipi ndiyo inayokupandisha cheo na kila moja inakupa vipindi vingapi. Bila hivyo utahudhuria vikao viwili na kupimwa na kamati mbili zenye vipimo tofauti.

Kuhusu idara ya kuomba: usichague idara wala jina la chuo, chagua msimamizi. Muulize, au waulize wanafunzi wake, mambo haya: je, yeye mwenyewe anasoma khati hii? Wanafunzi wake wangapi wamemaliza, na kwa miaka mingapi? Anarudisha sura iliyosomwa ndani ya muda gani? Kwa nje, angalia Hamburg ambako kuna kituo cha utamaduni wa miswada, Bayreuth, SOAS, L'Orientale ya Napoli, Northwestern, na Cape Town kwenye mradi wa miswada ya Timbuktu. Kwa ndani, TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa) kule Zanzibar kwa upande wa Kiswahili. Ulaya uzamivu kwa kawaida huhesabiwa miaka mitatu, na hiyo haina nafasi ya kujifunza Kiarabu. Marekani ni mitano hadi saba, miwili ya mwanzo ikiwa ya masomo na lugha. Mwenye Kiarabu dhaifu asikimbilie ile mitatu kwa sababu inaonekana fupi.

Ukitaka kubaki vyuo vya Tanzania, linda alama mapema. Matangazo mengi ya vyuo vya umma kwa ngazi ya chini ya wanataaluma hutaka GPA ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Uzamivu mzuri kutoka nje haufuti GPA ya 3.4 ya zamani. Watu hugundua hili wakiwa wamesharudi na masanduku.

Na hapa napingana kidogo na Sahel. Ule mpangilio wa lugha, hati, orodha, tafsiri ni sahihi kielimu, lakini ulifaa zama ambazo mtu alikuwa na ajira tayari. Leo kamati za kupandisha vyeo huhesabu makala kwenye majarida yenye wahakiki. Uhariri wa mswada unaweza kula miaka sita ukahesabiwa kitu kimoja, pengine nusu. Fanya uhariri, lakini uvunje: makala juu ya mnakili na mazingira yake, makala juu ya lahaja, makala juu ya hoja ya kifiqhi iliyomo. Islamic Africa na Swahili Forum ni milango ya kuanzia, pamoja na jarida la Kiswahili la TATAKI. Uhariri wenyewe utoke mwishoni kama kitabu.

Sahel_Msomaji

Mzee, hapo sina ubishi, ajira ni ajira. Ila makala tatu zilizotoka kabla mswada haujasomwa mpaka mwisho ndizo zinazojaa "mshairi" aliyekuwa mnakili. Angalau rasimu ya unukuzi wote iwe imekamilika kabla ya makala ya kwanza.

Mzee_wa_Idara

Hilo nalikubali. Rasimu kamili kwanza.

Kidawa_79

Shukrani zenu haziwezi kulipika. La mwisho, kwenye maombi ya uzamili mtu aambatanishe nini kuonyesha kwamba anaweza?

Kalamu_ya_Mwanzi

Beti kumi za mswada ulio wazi mtandaoni, ambao bado haujachapishwa. Picha ya ukurasa, kisha zile safu tatu alizokueleza NyarakaTu, kisha nusu ukurasa wa maelezo ya maneno uliyoyatilia shaka na kwa nini ulichagua usomaji huo. Kurasa nne jumla. Usifiche alama za kuuliza. Msomaji wa maombi anayejua kazi ataanza na hizo.